Yaliyopita ni Ndwele

Wahenga wametuachia methali nyingi za kututuliza, na mojawapo ni ile isemayo kuwa yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni methali njema pale ndugu wawili waliogombea kiambaza wanapopatanishwa. Huwa mbaya mno pale aliyeumizwa anapoambiwa anyamaze ili aliyemwumiza aendelee kula kwa raha. Naianza makala hii na methali hiyo kwa sababu nataka kuitetea sinema moja ya Kimarekani iliyothubutu kuipinga, ikapokelewa kwa mikono miwili ya namna mbili, mmoja wa kupongeza na mmoja wa kusukuma, na ule wa kusukuma ukawa na nguvu zaidi. Sinema hiyo ni The Two Jakes, ya mwaka 1990.

Najua nitaulizwa kwa nini mtu mzima apoteze wino juu ya sinema ya upelelezi iliyoshindwa sokoni. Nitajibu kwamba jinsi watu wanavyoihukumu hadithi ni dalili ya jinsi wanavyoyahukumu mambo ya kweli. Nami nasema kuwa walioihukumu The Two Jakes waliuliza maswali mengi, wakaliacha lile moja lililokuwa la lazima.

Msomaji ambaye hakuiona hana budi kwanza kuijua asili yake. Mwaka 1974 kampuni ya Paramount ilitoa sinema iitwayo Chinatown. Robert Towne ndiye aliyeandika mswada, Roman Polanski akaiongoza, na Robert Evans akawa mtayarishaji. Jack Nicholson alicheza Jake Gittes, mpelelezi wa kujitegemea katika jiji la Los Angeles mwaka 1937, mtu mtanashati ambaye riziki yake hasa ni kufumania wake na waume wasio waaminifu. Anapewa kazi ya kumwandama mhandisi mkuu wa maji wa jiji, kazi inayoonekana kuwa ya kawaida kabisa. Kabla hajajua lililomfika, amekwisha zama katika njama ya matajiri wanaomwaga maji gizani wakati wa ukame, ili wakulima wa bondeni washindwe, wauze mashamba yao kwa bei ya kutupa, kisha maji yaletwe kwenye ardhi iliyokwisha badili mikono.

Njama hiyo haikuzuliwa hewani. Mfereji mkuu wa maji wa Los Angeles, uliosimamiwa na mhandisi William Mulholland, ulifunguliwa mwaka 1913. Uliyachukua maji ya Owens Valley na kuyasafirisha kiasi cha kilomita 375, na wenye fedha waliokwisha kujinunulia ardhi katika San Fernando Valley wakatajirika. Towne aliichukua habari hiyo, akaisogeza mpaka miaka ya 1930, akaipa majina mengine.

Lakini chini ya wizi wa maji aliweka dhuluma kubwa zaidi. Tajiri Noah Cross, aliyechezwa na John Huston, amemharibu binti yake wa kumzaa, Evelyn, na katika uovu huo akazaliwa msichana aitwaye Katherine. Evelyn, aliyechezwa na Faye Dunaway, ni mama wa mtoto huyo na ni dada yake pia. Gittes anajaribu kuwatorosha wote wawili, na jitihada zake hizo hizo ndizo zinazowafikisha mikononi mwa adui. Mwisho wa sinema Evelyn anauawa na risasi ya polisi ndani ya gari. Katherine anapiga mayowe. Cross anamkumbatia, anamziba macho, anamwondoa. Mwenzake Gittes anamshika mkono na kumwambia asahau. Taa za ukumbi zinawashwa.

Towne mwenyewe hakuutaka mwisho ule. Yeye alikuwa amekusudia Evelyn amwue baba yake. Polanski ndiye aliyeshikilia kwamba Evelyn afe na mwovu ashinde. Dunia ikamwunga mkono Polanski. Chinatown ilipendekezwa kwa tuzo 11 za Oscar na kupata moja, ile ya mswada, ambayo ilimwendea Towne. Tangu hapo mwisho ule unafundishwa katika vyuo kama mfano wa mwisho uliokamilika. Sibishi kuwa unatetemesha. Ninachouliza ni hiki: yule mtoto alikwenda wapi?

Hilo ndilo swali lenyewe. Kwa miaka 16 watu waliusifu mwisho ule kwa uchungu wake, kwa uhodari wake, kwa kukataa kwake kumbembeleza mtazamaji. Wakasema ni picha ya dunia ilivyo. Ndiyo, lakini katika picha hiyo kuna msichana aliyekabidhiwa kwa mtu yule yule aliyemharibu mama yake, na sifa zote zilipita juu ya kichwa chake. Aligeuzwa pambo la huzuni ya Gittes. Tulimlilia mpelelezi, tukarudi nyumbani.

Sasa ndipo inapokuja sinema ya pili. Haikuzaliwa kwa urahisi. Mwaka 1985 Towne alikuwa aiongoze, na Evans, mtayarishaji, alikuwa acheze nafasi ya Jake wa pili. Mambo yakavunjika mwanzoni kabisa mwa kazi, na kila mtu akashika njia yake. Ilipofufuliwa, Nicholson mwenyewe ndiye aliyeiongoza, Harvey Keitel akapewa nafasi ya Jake wa pili, na sinema ikaingia majumbani Agosti 1990. Wahakiki wakagawanyika. Roger Ebert wa gazeti la Chicago Sun-Times aliipa nyota tatu na nusu kati ya nne. Wengi wengine waliiona nzito, ya kuchosha na yenye kutatiza. Wanunuzi wa tiketi hawakugawanyika: Marekani nzima sinema ile ilikusanya dola zipatazo milioni 10 tu, fedha ambazo kwa sinema ya ukubwa ule ni aibu.

Nini kimo ndani yake? Mwaka ni 1948. Gittes amepigana vita akarudi, amenenepa, ana jengo lake mwenyewe, anacheza gofu na watu wenye nafasi. Bado anafumania wenye ndoa zao. Anamjia Jake mwingine, Jake Berman, mjenzi wa mitaa ya nyumba mpya katika lile lile bonde lililoibiwa maji, akitaka mkewe Kitty afumaniwe. Mtego unategwa, mashine ya kunasa sauti kwa waya inafungwa katika chumba cha jirani, na wakati wa kufumania Berman anatoa bastola na kumwua mgoni wake, ambaye kumbe alikuwa mshirika wake wa biashara. Je, ni wivu wa mume, au ni mauaji yaliyopangwa kwa ajili ya mali? Jawabu limo katika ule waya, na kila mtu anautaka: polisi, mjane, mwenye visima vya mafuta, wahuni. Gittes anapousikiliza, anasikia jina ambalo hakulitegemea. Ni jina la Katherine.

Tangu hapo sinema haijali tena nani alimwua nani. Inataka kujua Katherine yuko wapi. Gittes anakwenda mpaka kwa Kahn, mtumishi wa zamani wa Evelyn, kumwuliza habari za msichana. Hatimaye anagundua kuwa Kitty, yule mke aliyemtegea mtego, ndiye Katherine mwenyewe. Kwa maneno mengine, mara ya kwanza alipotaka kumsaidia alimtia mikononi mwa Cross, na mara ya pili amemfumania kitandani na kumnasa sauti kwa kulipwa.

Nauliza tena: ni sinema ngapi za upelelezi zimewahi kumwambia mpelelezi neno zito kama hilo?

Washtaki walikuwa na mashtaka matatu, nami nayachukua moja moja.

Shtaka la kwanza: hadithi inatatanisha, tena asiyeikumbuka Chinatown hataielewa. Nusu ya shtaka hili ni kweli. Kuna mambo ya mafuta, ya gesi inayobubujika chini ya nyumba mpya, ya haki juu ya kilichomo chini ya ardhi, na sauti ya Gittes inayosimulia haitoshi kumwongoza mgeni. Lakini nusu ya pili ya shtaka ni ajabu. Sinema inayosema kuwa usisahau inalaumiwa kwa sababu inawataka watazamaji wakumbuke! Mtu aende kwenye tanga kisha alalamike kwamba anatajiwa marehemu asiyemkumbuka? Ikiwa hamumkumbuki Katherine, basi hilo ndilo alilokuja kuwaambia Nicholson.

Shtaka la pili: inakwenda polepole. Inakwenda polepole, naam, na ndivyo anavyokwenda mtu wa makamo anayerudi mahali asipotaka kurudi. Nicholson alikuwa na miaka 52 ilipopigwa sinema ile. Hakujifanya kijana. Wapelelezi wetu wa vitabuni wametuzoesha jambo jingine. Sisi tuliosoma visa vya Bwana Msa vya Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale, tulizoea kumkuta mwenye kiko chake akimfumbulia Najum fumbo zima, na tukifunga kitabu tunalala usingizi. Ni raha halali, wala siidharau. Fumbo limefumbuliwa, faili limefungwa. Lakini dhuluma haina faili. Mpelelezi akisha kumtaja mkosaji, yule aliyekosewa anabaki na miaka 40 ya kuishi. Nani aandike habari za miaka hiyo? Anayetaka kuiandika hana budi kwenda polepole, maana miaka yenyewe haina mbio.

Shtaka la tatu ndilo wanalolipenda zaidi: kwamba Chinatown ilikuwa kamili, na kitu kamili hakiongezwi. Hapa ndipo ninapokasirika. Kwanza, wenye kusema hivyo hawana ugomvi na sinema za pili kwa jumla. Katika tuzo zile zile za Oscar ambamo Chinatown iliikosa tuzo ya sinema bora, iliyoinyakua ni The Godfather Part II, sinema ya pili ya mfululizo, na hakuna aliyesema ya kwanza ilikuwa kamili ikaachwe. Kumfuata jambazi mpaka uzeeni kulionekana ni sanaa. Kumfuata mtoto aliyeharibiwa mpaka utu uzima kulionekana ni kuharibu sanaa.

Pili, kilikuwa kamili kwa nani? Kwa mtazamaji, ndiyo, aliyetoka ukumbini na donge tamu kooni. Kwa Katherine hakikuwa kamili, kilikuwa ni mwanzo. Mwisho ulioumaliza wasiwasi wetu ndio uliomfungia yeye mlango.

Wapo pia wanaomlilia Polanski, wakisema laiti angeiongoza yeye ya pili. Hawa ningewaomba watulie kidogo. Polanski hakuweza kurudi Los Angeles kufanya kazi, kwa kuwa mwaka 1977 alikiri mbele ya mahakama ya California kufanya mapenzi na msichana aliyekuwa na miaka 13, na mwaka 1978 akakimbia nchi kabla ya kupewa adhabu. Sisemi kuwa kosa la mtu linaifuta kazi yake ya nyuma; Chinatown ni kazi kubwa na itabaki kuwa kubwa. Nasema tu kwamba ukiisoma habari hii kando ya ile picha ya mwisho, ya mtoto anayezibwa macho na mzee na kuondolewa, kisha ukaulizwa ni nani afaaye kutueleza alivyoishi mtoto yule baadaye, utasita kulitaja jina lile upesi.

Sikuja hapa kuisafisha The Two Jakes kila doa. Doa lake kubwa wahakiki wengi hawakuligusa, nami nitaligusa, kwa maana kumtetea mtu kwa uongo ni kumshtaki mara ya pili. Sinema inamtafuta Katherine, inampata, kisha inamnyima nafasi ya kusema. Meg Tilly, aliyemcheza, anapewa maneno machache na ukimya mwingi. Tunajua anavyojisikia Gittes kuhusu Katherine. Hatujui vya kutosha anavyojisikia Katherine kuhusu Katherine. Wanaume wawili wenye jina moja wanashindana kumficha, mmoja kwa bastola na mmoja kwa kuukata ule waya ili jina lake lisisikike mahakamani, na kila mmoja anaamini kuwa anamhifadhi. Pengine ni upendo, lakini pia ni ile tabia ya zamani ya kulifanya jambo la mwanamke liwe la kuamuliwa na wanaume chumbani. Lawama ya haki ingetua hapo. Ajabu ni kwamba walioilaumu sinema walilalamika kuwa inakumbuka mno, ilhali kosa lake ni kuwa imekumbuka nusu.

Hata hivyo nusu ni kubwa kuliko hakuna. Mwisho wa The Two Jakes hauna gari wala mayowe. Berman, ambaye maradhi yamekwisha mla ndani, anabaki peke yake katika nyumba mojawapo alizojenga juu ya gesi na kuwasha moto wa sigara, yote yakalipuka pamoja naye. Baadaye Katherine anakuja ofisini kwa Gittes. Wanazungumza habari za yaliyopita, na Gittes anamwambia, bila kumbembeleza, kwamba hayaondoki. Linganisha na mwisho wa kwanza, ambapo neno la rafiki lilikuwa asahau. Miaka 11 ya hadithi na 16 ya dunia ilihitajika ili neno lile lijibiwe. Jibu hilo lisingeweza kutolewa na sinema ya kwanza hata kama ingekuwa kamili mara kumi. Lilihitaji sinema ya pili, yenye watu walionenepa na kuchoka.

Tena ardhi yenyewe inasema maneno hayo hayo. Katika sinema ya kwanza bonde linaibiwa. Katika ya pili michungwa inang'olewa, nyumba za kuuza zinapangwa safu kwa safu, na wanunuzi hawajui kilichomo chini ya sakafu. Hapo Towne alikuwa akisema jambo moja kwa midomo miwili: ukijenga juu ya dhuluma bila kuifukua, itafuka yenyewe. Aliwaza pia sinema ya tatu, lakini baada ya hasara ile ya 1990 haikufanywa. Evans alifariki mwaka 2019 na Towne mwaka 2024, na hapo ndipo ilipokatika.

Labda msomaji atasema haya ni ya Wamarekani, sisi yatuhusu nini. Yatuhusu kwa sababu na sisi tunayo maneno yetu ya kuzibia watoto macho. Tunasema funika kombe mwanaharamu apite. Tunasema aibu ya nyumba haitolewi uani. Mtoto anadhuliwa na jamaa mwenye heshima zake, mzazi anajua, shangazi anajua, wazee wanakaa kikao, faini inalipwa, mikono inapanwa, na mwisho wa kikao mmoja wao hutoa ile methali ya kuganga yajayo. Kila mtu hurudi kwake akiwa na moyo uliotulia, kama mtazamaji aliyetoka sinema. Mkosaji huendelea kukaribishwa arusini na matangani. Mtoto naye huendelea kumpa shikamoo.

Halafu siku moja, baada ya miaka 11 au 20, yule mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima huuliza swali. Hapo ndipo utakaposikia mashtaka yale yale matatu. Ataambiwa mambo yake yanatatanisha, nani atakumbuka. Ataambiwa anavuta maneno, aseme upesi yaishe. Na ataambiwa kuwa jambo lile lilikwisha malizwa vizuri na wazee, kwa nini analifukua? Sijapata kusikia shtaka dhidi ya The Two Jakes ambalo sijalisikia pia likisemwa mbele ya mtu wa namna hiyo.

Kwa hiyo simtaki msomaji wangu aipende sinema hii. Yamkini ataiona nzito, na akisinzia katikati sitamgombeza. Ninachomtaka ni kwamba akiziangalia zote mbili, aiangalie ya pili usiku wa pili, asiisubirishe miaka 16. Na ikifika mahali pa kutoa hukumu, asiulize kwanza kama ya pili ni nzuri kama ya kwanza. Aulize ni ipi kati ya hizo mbili iliyorudi kumtafuta mtoto.